Maakuli ya Wazee Baharini: Habari za Njia ya Arusha na Pwani

Arusha iko mbali na bahari, lakini haijatengana nayo. Maji ya Themi na Naura, yashukayo kutoka misitu ya Meru na kupita katikati ya mji, huteremka kusini yakaingia mto Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu, utokao upande wa Kilimanjaro, katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani mpaka umwagike katika Bahari ya Hindi. Bonde hilo ndilo lililofuatwa na misafara ya karne ya 19 iliyopanda bara kutafuta pembe, na misafara hiyo aghalabu ndiyo iliyowaletea wakazi wa mlima habari za kwanza za majahazi, za nchi za ng'ambo, na za watu ambao wakila hiki hawali kile.

Waandishi wa tarikh ya njia hiyo wametueleza kwa urefu juu ya pembe, watumwa, kahawa na reli, lakini wamelipita kimya jambo moja ambalo kwa msafiri mwenyewe lilikuwa zito kuliko bei ya pembe, yaani atakula nini njiani. Na uzito huo ulizidi pale msafiri alipokuwa mzee, mwenye mke mzee mwenziwe, na wote wawili wamefungwa na mwiko wa chakula ambao hawakuwa radhi kuuvunja kwa sababu ya wiki moja au mbili za bahari. Siku hizi meli kubwa za kitalii, zipakiazo wastaafu wa Ulaya na Marekani mume na mke, hutangaza kwa majigambo kwamba mgonjwa wa kisukari atapikiwa chake, asiyekula ngano chake, na asiyekula nyama chake, kana kwamba huo ni uungwana uliozuliwa jana. Ajuaye habari za merikebu zilizowachukua wazee wa Arusha kwenda Bombay hawezi kuyasikia majigambo hayo bila kutabasamu.

Zama za jahazi jambo hili halikuwa na mjadala mrefu. Abiria aghalabu alikuja na masurufu yake mwenyewe, tende au mchele, samli, papa mkavu na ndimu, na moto wa kupikia uliwashwa katika sanduku lililojazwa mchanga au udongo ili mbao zisishike moto. Pepo ndizo zilizopanga safari: kaskazi ikawaleta watu wa Arabuni na Bara Hindi tangu mwisho wa mwaka, kusi ikawarudisha kwao, na aliyechelewa pepo alingoja mwaka ugeuke. Katika hali hiyo mwiko wa mtu ulikuwa juu yake mwenyewe. Nahodha hakuulizwa, wala yeye hakuuliza.

Mambo yaligeuka taratibu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kila mwezi, na mwaka 1890 Wajerumani wakaunda kampuni yao, Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyounganisha Hamburg na pwani yetu. Lakini merikebu ya moshi haikumfaa mtu wa Meru mpaka alipopata njia ya kuifikia. Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaunganisha Voi na Kahe, na hivyo treni ya Moshi ikapata mlango wa kutokea Mombasa. Hatimaye mwaka 1929 reli ikafika Arusha kwenyewe. Kuanzia hapo mfanyabiashara wa Arusha aliweza kumpandisha mkewe katika behewa hatua chache kutoka dukani kwake, na kumshusha penye harufu ya bahari, pamoja na mabunda, mitungi na mikebe yao yote.

Mabunda hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Wahindi waliofungua maduka Arusha walikuwa wa madhehebu mbalimbali: Waismailia, Mabohora, Wasunni, Masingasinga, na Wahindu ambao watu wa pwani walizoea kuwaita Mabaniani. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa hawali nyama, samaki wala mayai. Na waliofuata dini ya Kijaini walizidi kujizuia, kwa kuwa hawakula hata vitunguu, viazi na kila kinachong'olewa ardhini na mzizi wake, na wale washikao sana hawakutia chochote kinywani baada ya jua kuchwa. Mtu wa namna hiyo akiwa kijana huweza kuvumilia njaa kidogo. Lakini mzee aliyemaliza miaka arobaini nyuma ya kaunta, ambaye sasa amewaachia wanawe duka na anamchukua mkewe kwenda kuona ndugu, kuzuru mahekalu na pengine kufa katika kijiji alichozaliwa huko Kachi au Kathiawar, hana mwili wa kuvumilia. Kwa hiyo jikoni mwa nyumba kazi ilianza siku nyingi kabla ya treni: chapati kavu zisizoharibika upesi, vitafunio vya chevda na gathia, ladu tamu za samli, achari za embe na ndimu, na viungo vilivyosagwa na kufungwa kwenye mikebe. Wanawake ndio waliokuwa mabingwa wa elimu hiyo, na kwa maoni yangu wao ndio waliostahili kuitwa manahodha wa safari, maana bila mikebe yao waume zao wasingalithubutu kukanyaga ngazi ya meli.

Fauka ya hayo, kwa Wahindu wa tabaka za juu kuvuka bahari kwenyewe kulikuwa na najisi yake. Wazee wa kale walisema kwamba avukaye maji meusi hupoteza daraja yake katika jamii, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa hiyohiyo ya chakula: nani amekipika, kwa mikono gani, ndani ya chungu gani. Kijana Mohandas Gandhi alipoondoka Bombay mwaka 1888 kwenda London kusoma sheria, wakubwa wa jamaa yake walimtenga kwa sababu ya safari hiyo. Na yeye, kwa kuwa alimwahidi mama yake kutogusa nyama, na kwa haya ya kuwauliza watumishi wa meli ni kipi kisicho na nyama, alijifungia katika kamra yake akiishi zaidi kwa halua na matunda aliyotoka nayo nyumbani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1893, alipita pwani yetu akielekea Durban, akashuka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Namtaja kwa sababu habari yake imeandikwa na kujulikana. Lakini hali aliyokuwa nayo ndani ya kamra ile ilikuwa hali ya maelfu ambao hawakuandika kitabu.

Kampuni ya British India iliyaona hayo, na kwa kuwa ilikuwa kampuni ya biashara, iliyapigia hesabu. Hapo kwanza abiria wa sitahani waliachwa wajipikie wenyewe kama zama za jahazi. Lakini kadiri safari za Bombay na Afrika Mashariki zilivyozidi kujaa watu, ndivyo ilivyodhihiri kwamba meli itakayowapikia Wahindi chakula chao, kwa taratibu zao, ndiyo itakayopata nauli zao. Meli mbili za British India, Kenya ya mwaka 1930 na Karanja ya mwaka 1931, zilijengwa kwa ajili ya njia hiyo ya Bombay na Durban. Karanja ilizamishwa mwaka 1942 karibu na pwani ya Aljeria, ikichukua askari. Na baada ya vita zikaja mbili nyingine zilizojengwa Glasgow, Kampala ya mwaka 1947 na Karanja mpya ya mwaka 1948, kila moja ikiwa na ukubwa wa tani zaidi ya 10,000. Hizi ndizo meli ambazo majina yake bado yanatajwa katika nyumba za Wahindi wa Arusha kwa sauti ileile ambayo wengine hutajia majina ya mababu.

Ndani ya meli hizo palikuwa na majiko mbalimbali. Abiria wa chini walipikiwa na wapishi wa Kihindu katika jiko lao na wapishi wa Kiislamu katika jiko lao, vyombo vikiwa mbali, ili mla majani asiletewe sufuria iliyopikiwa mbuzi, na Mwislamu asile nyama ambayo hajui imechinjwa vipi. Mzee aliyepanda Mombasa na mkewe, wakatandika mikeka na magodoro yao sitahani au katika vitanda vya tabaka ya tatu, na mbele yao ikiwa zaidi ya juma moja la safari kupitia Shelisheli, waliweza kula wali, dengu, mboga na maziwa ya mgando bila kumwuliza mtu lolote. Mikebe ya nyumbani ilibaki kwa ajili ya siku za mfungo, kwa ajili ya tumbo lililochafuka kwa mawimbi, na kwa ajili ya wale wasiotaka kula baada ya magharibi.

Juu, katika tabaka ya kwanza, ndiko kulikokuwa na meza zenye vitambaa vyeupe, orodha ya vyakula iliyopigwa chapa, na supu iliyoletwa saa ambayo kengele imelia. Na huko, kinyume cha mtu anavyoweza kudhani, ndiko mwenye mwiko alikopata tabu zaidi, kwa kuwa desturi ya meza ilikuwa ya Kiingereza na kila asiyeifuata alikuwa hana budi kujieleza. Tajiri aliyelipa nauli kubwa aliomba. Maskini wa sitahani alipewa bila kuomba. Sioni ajabu katika jambo hilo. Jiko la Kihindu halikuwekwa melini kwa huruma wala kwa heshima ya dini, bali kwa kuwa walaji wake walikuwa mamia katika kila safari. Na penye mamia, mwiko huwa kawaida, ilhali mwiko wa mtu mmoja, hata akiwa tajiri, hubaki kuwa udhia wa mpishi.

Waislamu wa Arusha, wa Kihindi na wa Kiswahili, waliofika na misafara, na askari wa Kijerumani, na biashara ya baadaye, walikuwa na faraja nyingine, nayo ni rukhsa. Sharia imempunguzia msafiri sala, ikamruhusu kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye, na kwa mkongwe asiyeweza tena kufunga ikaweka fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Na viumbe vya baharini, kwa hukumu iliyo mashuhuri miongoni mwa Washafii wa pwani yetu, havikuhitaji kuchinjwa. Kwa hiyo mzee na bibi yake waliokuwa wakienda kuhiji kwa njia ya bahari, baada ya kuweka akiba nusu ya umri wao, walikuwa wamepunguziwa mzigo mara mbili, kwa safari na kwa uzee. Kilichobaki kuwaudhi ni nyama tu, na dawa yake ilikuwa samaki.

Lakini samaki huyo aliyekuwa dawa kwa mmoja alikuwa karaha kwa mwingine. Waarusha, ambao wana lugha na mila za Kimaa ijapokuwa wamekuwa wakulima wa miteremko ya Meru kwa vizazi vingi, hawakumhesabu samaki kuwa chakula cha mtu, na wazee wao walimweka upande mmoja na nyoka. Kadhalika mila ya Kimaa haikupenda maziwa na nyama vikutane tumboni kwa siku moja. Wazee wa namna hiyo hawakupanda merikebu kwa ajili ya starehe. Waliopanda walikuwa vijana wao, katika Vita Kuu ya Pili, walipochukuliwa pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki kwenda Ceylon na Burma. Nao walilishwa chakula cha jeshi, na hakuna aliyewauliza habari za miiko. Wenzao wengi wa kikosi cha mizinga walikwenda na maji tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani. Waliorudi walirudi wamezoea mambo mengi, mengine mema, na mojawapo lilikuwa samaki wa kopo. Wazee nyumbani hawakufurahi.

Katika miaka hiyohiyo bahari ililetea Meru watu ambao habari yao ya chakula ni nzito kuliko zote nilizotaja. Mwaka 1942 maelfu ya Wapoland, waliokuwa wamechukuliwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, waliruhusiwa kutoka, wakavushwa Bahari ya Kaspi mpaka bandari ya Pahlevi katika Uajemi. Walifika mifupa mitupu. Wapo waliopewa supu ya kondoo yenye shahamu nyingi, kwa nia njema kabisa, wakafa nayo, maana tumbo lililokaa na njaa miaka miwili haliwezi kupokea mafuta kwa siku moja. Na huko ndiko wakuu wa kambi walikojifunza, kwa gharama ya makaburi, kwamba mtu dhaifu hulishwa kidogo kidogo, kwa vitu vyepesi. Baada ya hapo sehemu yao waliletwa Afrika Mashariki kwa meli, na kambi iliyokuwa kubwa katika Tanganyika ilijengwa Tengeru, chini ya Meru, karibu na ziwa Duluti, ikachukua watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wameru wa Akeri na Poli wakawaona wageni weupe wasio mabwana, wanaolima viazi na kabichi, na wanaouliza maziwa. Makaburi ya waliofia hapo bado yapo Tengeru na yanatunzwa.

Nimeieleza habari ya Pahlevi kwa sababu inatenga wazi aina mbili za mwiko: ule wa dini na mila, na ule wa mwili wenyewe. Ule wa kwanza, kama tulivyoona, merikebu zilijifunza kuutimiza. Ule wa pili ulichelewa. Insulini ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa huko Toronto mwaka 1922, na katika miaka ya baadaye mzee wa kisukari aliweza kuishi muda mrefu wa kutosha kutamani safari. Hapo ndipo alipoanza kuonekana bandarini mzee ambaye dini yake ilimruhusu ladu, na daktari akamkataza. Jiko la Kihindu halikumfaa tena, wala la Kiislamu, wala la Kiingereza, kwa kuwa yote matatu yalijua kumpa mgeni heshima kwa sukari, samli na chumvi. Mkewe, ambaye zamani alifunga mikebe ya ladu, sasa alikuwa na kazi ya kumwondolea mkono sahanini mbele za watu. Na kwa kuwa wagonjwa wa namna yake walikuwa wachache na kila mmoja ana sharti lake, hakuna kampuni iliyowajengea jiko.

Njia ile ya zamani haikudumu kushuhudia mabadiliko hayo yakikamilika. Mwaka 1967, ambao ndio mwaka wa Azimio la Arusha, Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, na meli Uganda, iliyokuwa ikileta abiria wa London hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam tangu mwaka 1952, ikaondolewa katika njia yake na kugeuzwa kuwa meli ya matembezi ya wanafunzi. Nadhani huo ni mfano mzuri wa jinsi chombo cha haja kilivyogeuzwa kuwa chombo cha starehe, ubao uleule na chuma kilekile. Mwaka 1971 Kampala ikavunjwa. Mwaka huohuo serikali ikatwaa majumba ya kupangisha, na wazee wengi wa Kihindi wa Arusha wakasafiri safari isiyo ya kurudi. Na Desemba ya mwaka huo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ukafunguliwa, baina ya Arusha na Moshi. Karanja iliondoka katika njia hiyo mwaka 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha, ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na treni ya Voi ikapoteza abiria wake.

Sasa wazee wanakuja kwa upande wa pili. Mume na mke waliostaafu hushuka katika meli ya kitalii Unguja au Mombasa, au hutangulia kwa ndege kabla ya kupanda meli, na siku chache za katikati huzitumia Arusha na mbuga zake. Makampuni ya Arusha huwapelekea mapema karatasi ya maswali, na miongoni mwa maswali hayo lipo la chakula: je, mgeni ana sukari, ana shinikizo la damu, anakula ngano, anakula karanga, anakula nyama. Jibu halibaki ofisini. Humfikia mpishi wa safari, ambaye aghalabu ni kijana wa Meru au wa Uchagani, naye hulichukua mpaka Soko Kuu au Kilombero kununua vitu, kisha hulipeleka mpaka kambini Serengeti, au juu ya Meru kwenyewe katika vibanda vya Miriakamba na Saddle, ambako hakuna duka wala jiko la pili.

Na huyo mpishi ana nafuu ambayo wapishi wa merikebu hawakuwa nayo, kwa kuwa hawapikii mamia. Gari moja lina watu wanne au sita, na wazee wake ni wawili, aweza kuwajua kwa majina na kwa maradhi. Mgeni asiyekula ngano humtia hofu mpishi wa Ulaya, maana mkate wake, mchuzi wake na tambi zake zote zina ngano. Mpishi wa Meru hana haja ya kubuni kitu. Huchukua ndizi, akazimenya na kuzichemsha pamoja na nyama iliyolainika, akaziponda mpaka zishikane, akatia maziwa au samli kwa yule asiyekatazwa, akapunguza chumvi kwa yule mwenye shinikizo la damu, na kwa asiyekula nyama akaitoa nyama kabla hajaanza. Huo ni mtori, ambao kwao hupewa mzazi aliyejifungua, mgonjwa, na mzee asiye na meno, na wageni wengine huomba waongezewe.